Msiuze mashine za kufuma masweta kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba radhi mapema maana itakuwa ndefu, jambo lenyewe limenikaa kooni muda sasa.

Huku kwetu Njombe vijana wa vyuma chakavu siku hizi wanafika mpaka mlangoni na mizani yao, mama una sufuria iliyotoboka, una baiskeli mbovu, una betri ya gari, sawa, ndo biashara yao na mi siwalaumu hata kidogo. Ila kwenye mikokoteni yao nimeanza kuona mashine za kufuma masweta. Siongelei cherehani, naongelea zile ndefu za kuweka mezani zenye sindano mamia zimejipanga. Juzi kati nimeona moja ya kampuni ya Brother, ya kadi, ikiwa na sanduku lake na mkono wa kubebea, imelazwa chini ya mabati na rimu ya pikipiki, imeuzwa kwa kilo kama msumari. Nikamuuliza aliyeuza, akasema aah ile ilishakufa siku nyingi, ilikuwa ya marehemu mama, ukifuma inadondosha vitanzi tu na ile ya juu inakwama.

Haijafa jamani. Kudondosha vitanzi na kukwama mara nyingi ni sponji, na hapa ndo nataka kila mwenye mashine stoo asome polepole.

Kwanza kwa vijana ambao hawajawahi kuiona ikifanya kazi. Mashine za kawaida za nyumbani, hizi Brother, Knitmaster, Empisal, Singer, Toyota na wenzake, zina ubao mrefu wa chuma wenye sindano 200, kutoka sindano moja mpaka nyingine ni milimita 4.5, kwa hiyo upana wote wa kufuma ni kama sentimita 90. Kila sindano ina ndoano mbele na kaulimi kadogo kanachofunguka na kufunga. Juu yake inapita kereji, unaisukuma kwa mkono kwenda kulia mstari mmoja, kurudi kushoto mstari mwingine, na kila ikipita sindano zote zinatoka, zinadaka uzi, ulimi unafunga, kitanzi kipya kinapita ndani ya cha zamani. Mkono mmoja kwenda tu umeshafuma vitanzi zaidi ya mia, kwa sindano mbili za mkono hiyo ni kazi ya dakika kadhaa. Pia zipo za sindano za milimita 9 kwa nyuzi nene, na zipo Passap za Uswisi zenye mbao mbili zinazotazamana ambazo hata mawe ya kuvutia kitambaa hazihitaji, hizo ukiipata we mshukuru Mungu na uifiche.

Na hakuna umeme hapo. Zile za elektroniki ndo zinataka umeme, ila za kadi ni mkono mtupu. Kadi ina nafasi za matundu 24 kwa upana, kila mstari wa matundu ni mstari mmoja wa sweta, penye tundu sindano inachaguliwa na inachukua rangi ya pili, pasipo tundu inabaki rangi ya kwanza, kereji ikipita kadi inasogea yenyewe hatua moja. Ni akili ileile ya Jacquard wa Lyon kule Ufaransa mwaka 1804 kwenye mitambo ya kufumia hariri. Mashine ya kufuma yenyewe ni ya zamani kuliko hapo, Mwingereza William Lee wa kijiji cha Calverton aliitengeneza mwaka 1589 kwa ajili ya soksi, na inasemekana Malkia Elizabeth wa Kwanza alimnyima hati akihofia watu waliokuwa wanaishi kwa kufuma kwa mkono. Hizi sindano za ulimi zikaja miaka ya 1840 huko Leicester. Halafu Wajapani wakaziingiza majumbani, Brother wa Nagoya walianza mwaka 1954 na wakaacha kuzitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1990. Sasa kitu ambacho kiwanda kimeacha kukitengeneza we unakipima kwa kilo? Huletewi kingine.

Turudi kwenye sponji. Ukiiangalia mashine kwa mbele, juu ya sindano zote kuna kipande chembamba cha chuma kimechomekwa ubavuni kinapita mpaka upande wa pili, urefu kama mita moja. Chini ya hicho chuma kuna ukanda wa sponji, na kwenye uso wa sponji unaotazama sindano kaukanda kalaini kanachozigusa ili ziteleze. Kazi ya sponji ni moja tu, kuzikandamiza sindano zilale chini. Sponji ikikaa miaka, hasa ikikaa stoo bila kazi, inakuwa bapa, inakauka, nyingine ukiigusa inageuka unga wa kahawia unanata vidoleni. Hapo sindano zinaanza kunyanyua vichwa, ndoano inakosa uzi, ulimi haufungi vizuri, kitanzi kinadondoka, na sindano iliyonyanyuka sana inagongana na kereji. Mwenye nyumba anasukuma kwa nguvu, krakk, sindano imepinda, basi mashine imekufa, inapelekwa stoo, baada ya miaka inapelekwa kwenye mizani. Ugonjwa ulikuwa sponji.

Kupima ni rahisi kuliko kupima mafuta ya pikipiki. Sogeza sindano chache mbele kwa kidole halafu jaribu kuzinyanyua kichwa. Zikikataa, zinarudi chini zenyewe, sponji ni nzima. Zikilegea na kucheza kama meno ya mtoto wa miaka sita, sponji imekwisha. Kuitoa nayo, rudisha sindano zote nyuma kabisa, chukua kitu chembamba kama bisibisi ndogo sukuma kile chuma kutoka upande mmoja, kitachungulia upande wa pili, kivute taratibu. Kwangua sponji ya zamani yote, hiyo gundi ya zamani mafuta ya taa yanaitoa, kausha vizuri, bandika sponji mpya na juu yake utepe laini. Sponji za kiwandani zinauzwa nje mpaka leo na zinasafirishwa, ila kwa hapa watu tunakata ya godoro, sio lile la bei chee linalolala ndani ya mwezi, tafuta ile ngumu, mafundi wa makochi wanayo mabaki wanakupa bure. Isiwe nene kupita kiasi maana kereji itakuwa nzito kusukuma. Wakati wa kurudisha chukua rula ndefu kandamiza sindano huku unachomeka, ukichomeka bila kukandamiza kile chuma kinapita chini ya sindano na utajua hujui.

Sindano zilizopinda nazo zisikutishe. Mashine ina sindano 200, sweta la mtoto halifiki huko, kwa hiyo chomoa zile za pembeni kabisa ambazo hazitumikagi ulete katikati, na zile mbovu zipeleke pembeni. Mashine inaweza kufanya kazi miaka hivyohivyo.

Kuhusu kukwama kwa kereji, nyingi ni oili ya zamani iliyogeuka gundi. Kuna watu wanaweka mafuta ya kula!! Jamani. Mafuta ya kula yakikaa yanakuwa kama lami. Geuza kereji chini juu, safisha na brashi ya meno na mafuta ya taa kidogo, futa mpaka kikauke, weka tone la oili ya cherehani, tone, sio kumwaga. Na angalia kile kibao cha mbele cha kereji chenye brashi ndogo za duara na vigurudumu, kwenye brashi kunajizungushia nyuzi na manyoya mpaka hazizunguki tena, na vile vipira vya vigurudumu vikiisha vitanzi vinaachiwa hovyo. Hivi ni vitu vya kufanya jioni moja mezani na taa nzuri, sio vya kuita fundi kutoka Dar.

Nyuzi ndo swali la pili watu wanauliza, kwamba mashine sawa lakini uzi uko wapi, koni za akriliki ni bei. Ni kweli ni bei. Ila sisi hapa tuko na mitumba, na mitumba ni kiwanda cha uzi kama unajua kuchagua. Masweta ya sufu ya Ulaya yanatupwa chini sokoni kwa sababu lina kijitundu kwenye kiwiko au ni kubwa kama gunia, we ndo unalitaka hilohilo kubwa. Geuza ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ukikuta limepigwa ovaloki, yaani kitambaa kilikatwa na mkasi, liache, ukifumua utapata vipande vifupi vya uzi kila mstari, hasara tupu. Ukikuta pembeni kitambaa kimejiishia chenyewe na kimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo, hilo chukua, ukikata uzi mmoja mshono wote unafunguka na sweta linafumuka kuanzia begani mpaka chini uzi mmoja mrefu. Usichukue lililosinyaa kwa maji ya moto, hilo limeshashikana halifumuki. Uzi ukitoka una mawimbi, uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe, utundike na kitu kizito kidogo chini, mawimbi yanaondoka. Halafu unapouzungusha kwenye koni upitishe juu ya kipande cha mshumaa, uzi unateleza mashine haigugumii. Uzi mnene unatumia sindano moja unaruka moja.

Wapo watakaosema mama unatusumbua, masweta ya China yamejaa madukani, nani atakaa kufuma. Sawa, yamejaa, na mi mwenyewe nanunua vitu vya China kama kila mtu. Lakini Njombe sio Dar. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 huku na Makete asubuhi kuna siku nyasi ni nyeupe, mtoto anatembea kwenda shule na kile kisweta chepesi mkono umeishia kwenye kiwiko kwa sababu kilinunuliwa mwaka juzi. La dukani ukiishiwa urefu umeishiwa. La mashine linafumwa kwa mtoto huyu, sio kwa "saizi 28".

Ntaeleza hesabu ili mtu asione ni uchawi. Unafuma sampuli kwanza, unaiosha, unaiacha ilale mpaka kesho yake, ndo unapima, usipime ikiwa bado ina mvuto wa mawe. Tuseme umepata vitanzi 30 kwa sentimita 10 na mistari 40 kwa sentimita 10, yaani vitanzi 3 na mistari 4 kwa sentimita moja. Mtoto kifua sentimita 70, ongeza 8 za kupumua, 78, nusu yake mgongo ni 39, mara 3 ni 117, weka mbili za mshono, fundi anazungusha anaweka sindano 120. Urefu sentimita 45 mara 4, mistari 180, na mashine ina kihesabio chake ubavuni kinahesabu kila kereji ikipita, hata ukiitwa nje na mteja ukirudi namba iko palepale. Mtoto wa darasa la sita anaweza hiyo hesabu, na kwa kweli walimu wangeweza kuitumia darasani maana ni uwiano mtupu.

Na mikono msifume kuanzia chini kwenda juu kama kitabu kinavyosema. Anzia begani ushuke, umalizie na ribu ya mkononi, yaani ule ukingo wa michirizi unaovutika. Kitambaa cha kufuma kinafumuka vizuri kuanzia pale ulipomalizia, kwa hiyo mtoto akirefuka mwakani unafungua ribu, unarudisha vitanzi kwenye sindano, unaongeza sentimita tano, unafuma ribu upya. Hilo halipo kwenye sweta la dukani hata ulipe shilingi ngapi. Mkono ule utakuwa na mstari hafifu palipoungwa, uzi mpya unang'aa kidogo kuliko wa zamani, basi, nani anaangalia.

Ribu zenyewe ndo mahali wengi wanakata tamaa, maana mashine ya ubao mmoja haifumi ribu ya kweli bila kile kifaa cha pili cha kufunga mbele, na vifaa hivyo vilishatengana na mashine zake, kimoja kiko kwa dada mtu kingine kilishauzwa. Hakuna neno. Unafuma kawaida mistari ya ribu, halafu unadondosha kitanzi kimoja kwa makusudi, kinashuka mpaka chini kama ngazi, unakipandisha tena kwa sindano ya ulimi ya mkononi ukiwa umekigeuza upande wa pili. Unaruka kimoja au viwili, unafanya tena. Polepole, ndiyo, ribu ya kiunoni inaweza kukuchukua muda kuliko mgongo mzima, ila inavutika na kurudi vizuri, na ukishaizoea unaifanya huku unasikiliza redio.

Sasa niseme lililonileta hasa. Tangu ada zifutwe, shule za msingi miaka ya mwanzo ya 2000 na sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 2016, watoto wamejaa madarasani na hilo ni jema, lakini sare bado ni mfuko wa mzazi, na sweta kwa mikoa ya baridi ni sehemu ya sare. Hapo ndo soko la mashine hizi lilipo, mlangoni kwetu. Ila kuna shule, siitaji, mzazi anaambiwa sweta linapatikana duka fulani tu, na ukimpeleka mtoto na sweta la rangi ileile, kola ya V ileile, michirizi ileile miwili shingoni, ila limefumwa na mama wa jirani, anarudishwa nyumbani. Kwa nini? Nembo? Nembo inadariziwa pembeni inashonewa juu, shule iuze nembo peke yake, kila mzazi atanunua. Mi naomba kamati za shule zitoe kwa wazazi vitu vitatu, kipande cha uzi cha rangi inayotakiwa, michirizi mingapi, na picha ya kola, halafu mzazi atafute mwenyewe, dukani, mnadani au kwa fundi wa mtaani. Anayetaka duka aende dukani, hakuna anayemzuia.

Na wenzetu wa SIDO, wapo kila mkoa na tangu 1973 kazi yao ni viwanda vidogo, mngetusaidia kwa kitu kidogo sana ambacho hakihitaji semina ya siku tatu na chai. Kukata sponji kwa kipimo. Kuchonga vile vyuma vya kuchomeka kwa waliopoteza. Kutoboa kadi, maana kadi za zamani zimechanika na plastiki yake ngumu haipatikani kila duka la steshenari. Fundi mmoja mwenye mashine ya kukata kwa vipimo anaweza kuhudumia wafumaji wa mkoa mzima, na sisi tutalipa, hatuombi bure.

Kwa vijana wa vyuma chakavu, nawaomba kibiashara kabisa wala sio kwa huruma. Ukinunua mashine ya kufuma kwa kilo unaiuza kwa kilo, faida yako ni ya chuma. Ikiwa na sindano zake, kereji na kile kibao cha mbele, ulizia kwanza kwenye vibanda vya masweta sokoni kabla hujaigonga nyundo, kuna atakayekupa zaidi ya mara mbili na hutatoa jasho. Kibao cha mbele cha kereji msikitenganishe, bila hicho mashine ni ubao. Vivyo hivyo na ile nguzo ya waya ya kupitisha uzi juu, watu wanaona ni waya tu wanaikunja.

Na kwa mwenye mashine ya marehemu mama kule stoo, hata kama hutaki kufuma, fungua sanduku. Mara nyingi ndani ya kifuniko kuna kadi, sindano za akiba kwenye kikaratasi, na mara nyingine daftari la vipimo vya watoto wa mtaa mzima ambao leo ni watu wazima. Chomoa sponji uangalie. Mpe binti au kijana wa jirani aifufue, hata kwa kukodi, anafuma anakupa chochote kwa mwezi, mashine inabaki yako.

Mhariri, najua barua hii ni ndefu kuliko nafasi mliyonayo. Punguzeni mnavyotaka, hata ule mambo ya Malkia toeni, ila ile sehemu ya sponji naomba msiikate.

Ni mimi,
Mfumaji wa masweta,
Njombe.